Kata au Kataa

Msomaji wangu, najua uliniapiza. Wiki jana nilikuacha roho iko kooni, Mkasi ameshika mkono wa koti usio na koti, na mlangoni pa duka amesimama mama mmoja mwalimu, kitambaa cha kichwa kimemlegea kwa furaha, akisema maneno ambayo hakuna mkataji duniani anayetaka kuyasikia:

"Nipeni nguo za mwanangu. Hakufa. Amepatikana!"

Kama hukulipata gazeti, jongea hapa pembeni nikupe kwa ufupi, wenzako wasikasirike. Duka hili ni la familia, na kazi yake ni mifarishi: viraka juu, pamba katikati, bitana chini, kisha sindano inapita zote tatu. Watu huleta nguo za wapendwa wao waliofariki, zikakatwa viraka, zikageuzwa mfarishi wa kujifunika. Siku kumi zilizopita baba mmoja alileta furushi la nguo za mwanawe aliyepotea miaka miwili. Kesho yake mama wa kijana, ndiye huyu mwalimu, akaja mbio: msiguse, mwanangu yu hai, moyo wangu unaniambia. Mama Mkwe, mwenye duka, akamwahidi kwamba furushi halitaguswa.

Mkasi, mkwe wake na mkataji wa duka, hakuwepo siku hiyo. Alichokiona yeye ni karatasi iliyopachikwa kwa pini juu ya furushi, imeandikwa kwa herufi kubwa: KATA.

Akakata. Mkataji akiambiwa kata, angefanya nini kingine, aimbe?

Sasa kati ya mwalimu na msiba wake lilikuwepo pazia moja tu, tena la maua.

"Kaa, Mwalimu, kaa kidogo," Pamba alikuwa akisema kule mbele. Pamba ni shemeji yake Mkasi, mchambuaji wa pamba. Mnene, mlaini, sauti yake inaingia sikioni kama flana. "Nguo zipo. Zinakunjwa."

"Zikunjwe za nini? Nipe hivyo hivyo. Basi linaingia saa sita, na hizi ni saa tano."

"Anakuja leo leo?"

"Na mjomba wake. Kumbe alikuwa hospitali, mbali huko, jina lake halijui, kwao hakujui. Juzi ndiyo kumbukumbu ikaanza kurudi. Jana nimeongea naye kwenye simu." Sauti ya mwalimu ikakatika, ikaungwa. "Unajua kaniuliza nini? 'Mama, nguo zangu zipo?' Nikamwambia zipo, baba. Sijaruhusu mtu aguse hata kifungo."

Nyuma ya pazia, Mkasi alikitazama kifungo kilichokuwa mezani. Kilikuwa peke yake.

Mbele yake palikuwa na viraka ishirini na vinne vilivyokuwa shati la mistari, viraka kumi na vinane vilivyokuwa suruali ya kaki, na koti la kijivu lenye mkono mmoja.

"Haya," akasema Wifi bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Leo ndiyo leo, asemaye kesho mwongo."

Wifi ni dada wa marehemu mume wa Mkasi. Cherehani yake ina spidi, lakini mdomo wake huwa umeshafika mwisho wa pindo ukakaa unaisubiri.

"Wifi, nakuomba, nisaidie."

"Nikusaidie nini? Kukata? Si umeshamaliza?"

"Nisaidie kuunga!"

"Ah! Mwezi uliopita mfarishi wa bibi harusi uliukata mfupi, bwana harusi miguu ikabaki nje. Mama alikwambia nini, mbele yetu sote? Kosa moja lingine la mkasi, unafungasha."

Ndivyo alivyosema Mama Mkwe. Na Mkasi hana pa kufungasha kwenda. Nyumba ya wazazi wake iliuzwa wazazi wakiwa bado ndani ya sanda, samahani kwa kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mumewe alipofariki, watu walidhani atarudishwa kwao ambako hakupo. Mama Mkwe akamfuata chumbani, akamwekea mkasi wa mume wake mapajani, akasema: "Aliyekufa ni mume wako, si kazi yako. Kesho saa mbili uwe mezani."

Chumba anacholala kiko nyuma ya duka hili. Familia yake yote imo ndani ya kuta hizi nne, pamoja na Wifi, maana familia huichagui kama kitambaa. Kosa hili likimfikia Mama Mkwe, leo hii Mkasi ni mgeni barabarani.

Akavuta kiti. Akatia uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja, akaanza.

Kiraka kwa kiraka. Mstari wa buluu utafute wenzake, bega litafute kola. Mikono ya Mkasi ilikuwa inaruka. Dakika kumi, akawa ameunga mgongo mzima. Dakika kumi na tano, mgongo na ubavu.

Pamba akachungulia. "Shemeji, nimemwonyesha mifarishi yote ya dukani, hadi ule wenye doa. Sasa amebaki kunitazama mimi, na mimi si wa kuuzwa. Umefika wapi?"

Mkasi akauinua mgongo wa shati. Pamba akautazama, akautazama tena, akaupima kifuani kwake. Ukafunika titi moja.

"Shemeji, hili si litamtosha mtoto wa darasa la tatu?"

Jinga mimi, Mkasi akajisuta. Kila mshono unakula kitambaa. Nusu inchi huku, nusu inchi huku. Shati la mwanamume ukilikata mara ishirini na nne kisha ukaliunga, mishono inakuwa imeshiba na mwenye shati amebaki tumbo wazi. Jambo hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua, na yeye hofu imemsahaulisha.

"Fumua," alijiambia. "Fumua yote."

"Saa tano na nusu," akasema Wifi kwa utamu, kama mtu anayetangaza chakula.

Mkasi alifumua kwa meno. Kisha wazo likamjia, na lilikuwa wazo la mfarishi. Akatandaza kipande cha bitana mezani, akavipanga viraka juu yake kingo kwa kingo, visipandane hata unyuzi. Akavishikiza kwa bandi, ile mishono mirefu mirefu ya kushikizia tu. Namna hii mshono hauli kitu. Bitana ndiyo inayobeba, viraka vinalala tu juu yake kama vigae.

Litakuwa shati zito. Litakuwa na makovu. Lakini litamwenea.

"Shemeji, wewe ni mchawi," Pamba akanong'ona.

"Ninunulie dakika ishirini."

"Kwa kumwambia nini?"

"Mwambie tunapiga pasi."

"Nimeshamwambia tunapiga pasi. Kaniuliza mbona hasikii harufu ya mkaa, nikamwambia ni ya umeme, kaniuliza mbona umeme umekatika tangu asubuhi. Yule ni mwalimu, shemeji! Hadanganyiki, ameshadanganywa na wataalamu wa miaka kumi na miwili!"

Hapo ndipo Wifi alipoinuka. Akajinyoosha. Akatembea hadi kwenye pazia bila haraka.

"Wifi, usifanye hivyo. Wifi!"

"Afadhali ajue," alisema Wifi, na pete za pazia zikalia kwenye waya, chwaaa.

Mwalimu alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka pale.

Hakupiga kelele. Ningependa kukuandikia kwamba alipiga, hata ingekuwa nafuu kwa waliokuwemo. Aliingia pole pole, akakaribia meza, akaokota kiraka kimoja kama anavyookota kadi ya herufi iliyoangushwa na mtoto darasani.

"Hiki ni cha bega," alisema. Akaokota kingine. "Hapa aliunguza na pasi siku ya usaili. Nikamwambia kunja, haitaonekana."

Akaviweka pamoja. Havikushikana.

"Nani?"

Mkasi alifungua mdomo. Wifi akamtangulia kwa sauti ya kutosha watu watatu.

"Huyu hapa! Mke wa marehemu kaka yetu. Mama alishasema furushi lako lisiguswe, kila mtu amesikia, ila huyu masikio yake yamezibwa na pamba!"

"Sikuwepo!" Mkasi akalia. "Sikuwepo siku hiyo, Mwalimu, wallahi. Karatasi iliandikwa kata. Niliisoma kwa macho yangu. KATA!"

"Mama aandike kata?" Wifi akacheka. "Aahidi kutokata, kisha aandike kata? Unamwita mama yangu mwongo au mwehu?"

Ndipo Pamba, kwa ile sauti yake ya flana, akakohoa.

"Huenda... nasema huenda... iliandikwa KATAA. Yaani tulikatae furushi. A ya mwisho ikajikunja chini ya pini, shemeji akaona KATA. Inatokea. Mtu yeyote angekosea."

Mkasi alimtazama shemeji yake kwa shukrani, kama anayezama anavyotazama kipande cha ubao.

Lakini Wifi aliudaka ubao huo akampigia nao kichwani. "Naam! KATAA! Sasa tumepata! Mama kasema kataa, yeye kasoma kata. Kukunjua karatasi tu kumemshinda!"

"Herufi moja," akasema mwalimu polepole. "Miaka ishirini nafundisha watoto kusoma. Nawaambia kila siku, someni hadi mwisho wa neno. Mwisho wa neno ndiko maana inakolala." Akaviweka viraka chini. "Iko wapi hiyo karatasi? Nileteeni. Niisome mwenyewe."

"Nimeitupa kwenye gunia la mabaki," Mkasi alisema.

"Tulia, shemeji, nitaitafuta mimi," Pamba akasema upesi, na kabla hajamaliza alikuwa ameingiza mikono yote miwili hadi kwenye makwapa. Wifi naye akapiga magoti upande wa pili. Vipande, nyuzi, pindo na vumbi vikaanza kuruka hewani kana kwamba kuku wawili wameachiwa jalalani.

Mkono wa Mkasi ukakumbuka kabla ya kichwa.

Pini!

Mshonaji hatupi pini. Alipoichomoa kwenye furushi, mkono wake uliipeleka pini mahali ambapo pini hukaa, pamoja na karatasi yake. Akageuka. Kwenye rafu, mto wa sindano wa Mama Mkwe, na ubavuni mwake karatasi ndogo, imechomwa kama kipepeo.

Akaichomoa akiwa amewapa mgongo. Akaikunjua pembe.

Pembe haikuwa imekunjwa.

Akaigeuza. Akaisogeza kwenye mwanga. Kulikuwa na K, A, T, A, kisha karatasi tupu hadi ukingoni. Hapakuwa na A iliyojificha mahali popote.

Amepona! Msomaji, piga vigelegele. Alisoma sawa, akakata sawa, hana kosa hata la nukta. Hatua mbili tu, aiweke karatasi mkononi mwa mwalimu, na Wifi arudi kwenye cherehani yake na mkia katikati ya miguu.

Haya, nyamaza sasa. Maana Mkasi hakupiga hatua hata moja.

Macho yake yalikuwa yameganda kwenye ule mto. Sindano ishirini zilisimama pale, kila moja na uzi wake tayari, unaning'inia. Aliyezitunga uzi ni yeye, Mkasi, alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Huzitunga kila siku. Miezi minane sasa. Kwa sababu asubuhi moja alimkuta Mama Mkwe amekaa peke yake, sindano mkono mmoja, uzi mkono mwingine, analenga tundu na kukosa, analenga na kukosa, machozi yanamtiririka bila kelele. Hawakuambiana neno. Kesho yake Mkasi akaziacha sindano zimetungwa, na Mama Mkwe akazichukua kama vile sindano huota nyuzi zenyewe.

Siri hiyo Wifi haijui. Na Wifi ameshatamka mbele ya wateja kwamba siku Mama atakaposhindwa kutunga uzi, fremu za kuwambia mifarishi zitakuwa kuni, na duka litauza mablanketi ya kiwandani.

Kwa hiyo Mkasi alielewa. Au alidhani ameelewa. Mama Mkwe alikusudia kuandika KATAA. Macho yakala herufi. Mkono uliokata umefuata amri, na amri imetoka kwa mtu asiyeona anachokiandika.

Karatasi hii ikionyeshwa, Mkasi anabaki na Mama Mkwe anakwisha.

Karatasi hii ikiwa na A mbili, Mama Mkwe anabaki. Na Mkasi...

Aliyekufa ni mume wako, si kazi yako.

"Hamna kitu humu!" Wifi alipiga chafya kutoka ndani ya gunia. "Ameichoma! Kaficha ushahidi!"

Juu ya rafu palikuwa na kipande cha penseli, maana dukani hawaandiki kwa wino, wino huchafua vitambaa. Mkasi akakichukua. Akaandika herufi moja. Akaikunja chini ya pini.

Kisha akageuka.

"Hii hapa."

Pamba alinyanyuka ghafla, uzi mwekundu umemkaa kwenye sikio. Uso wake ulibadilika rangi, ila nani alikuwa na muda wa kumtazama Pamba?

Mwalimu akaichukua karatasi. Akaitoa pini. Akakunjua pembe kwa kidole gumba, akaisoma kwa sauti, silabi moja moja, kama yuko mbele ya ubao.

"Ka. Ta. A."

"Si nilisema!" Wifi akaruka. "Si nilisema mimi!"

"Ni kosa langu, Mwalimu," akasema Mkasi. "Sikusoma hadi mwisho wa neno."

Mwalimu alimtazama. Hasira ilikuwa inapanda usoni mwake, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba ya giza.

"Una mtoto?"

"Hapana."

"Basi sitakulaani, maana hutaielewa. Ila nitakwambia la kufanya." Akanyoosha kidole kwenye lile shati lililolala nusu juu ya bitana. "Saa sita kasoro robo. Utalichukua hivyo lilivyo, na sindano yako, na tutakwenda stendi mimi na wewe. Akishuka kwenye basi akiniuliza, Mama, nguo zangu ziko wapi, mimi nitanyamaza. Utamjibu wewe."

"Nitamjibu."

"Na ukitoka stendi usirudi hapa," akaongeza Wifi. "Kibegi chako nitakuwekea mlangoni."

"Mbona cherehani imenyamaza?"

Wote waligeuka. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na Mama Mkwe amesimama pale na kamba yake ya kupimia vitanda shingoni. Alikuwa amekwenda kwa mteja tangu asubuhi. Alisimama ameinamisha sikio, kama watu wanavyosimama wanaposikiliza mvua inakotokea.

"Mama, afadhali umekuja!" Wifi alimkimbilia. "Mkwe wako ametuua! Amekata nguo za Mwalimu, na mtoto yu hai, yuko kwenye basi! Uliandika KATAA, yeye akasoma KATA, karatasi hii hapa, Mwalimu ameisoma mwenyewe!"

Mama Mkwe alinyoosha mkono mbele, akaigusa meza, akaifuata kwa vidole hadi alipofika kwenye viraka. Akavipapasa. Kimoja, cha pili, cha tatu. Kifua chake kikapanda kikashuka.

"Mwalimu upo?"

"Nipo, mama."

"Nilikuahidi."

"Uliniahidi."

"Karatasi imeandikwa nini? Nisomee tena."

"KATAA. Na A ya mwisho ilikuwa imekunjwa."

Mkasi alifumba macho. Kwisha. Sasa atasema ndiyo, niliandika hivyo, na yote yatakuwa yamekwisha.

"Mimi sikuandika kataa," alisema Mama Mkwe.



"Niliandika RUDISHA. Herufi saba. Najua ni saba kwa sababu nilizihesabu kwa ncha ya kidole, moja moja, huku nimeuma ulimi kama mtoto. Macho yangu yalishaniaga tangu mwaka jana, wanangu. Nimewaficha, Mungu anisamehe, na kuna mmoja wenu amenisaidia kuficha. Lakini kwenye furushi la mama mwenzangu sikutaka kukosea. Niliandika RUDISHA, nikaipachika mwenyewe, nikaipapasa nikahakikisha."

Ubao ulioshikwa na Mkasi ukazama naye. Siri aliyojitoa mhanga kuizika, mwenyewe ameifukua kwa sentensi moja! Na ile A aliyoiandika kwa mapenzi sasa ilikuwa imekaa pale kwenye karatasi ya uongo, inamtazama.

Mwalimu aliirudisha karatasi karibu na uso. Jicho la mwalimu likiingia kwenye hati ya mtu halitoki mikono mitupu.

"Kwanza, hizi ni hati mbili," alisema. "Herufi nne za mwanzo zimeegemea kulia. Hii ya tano imesimama wima." Akainua kidole gumba. Kilikuwa na weusi. "Na hii ya tano imeandikwa leo. Risasi ya penseli bado inatoka."

Wifi alimtazama Mkasi, na machoni mwake furaha ilikuwa inaanza kuwaka upya, maana sasa halikuwa tena kosa la kutosoma. Lilikuwa ni kughushi.

"Nani amebadilisha karatasi yangu?" akauliza Mama Mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo, na uso wake umeelekea pasipo na mtu. "Sitauliza mara mbili."

Mkasi aliona njia zote mbili na zote zilikuwa na shimo. Akikana, A ni ya mkono wake. Akikiri A, nani ataamini kwamba zile herufi nne si zake?



"Ni mimi, Mama."

"Ni mimi, Mama."

Sauti zilikuwa mbili.

Ya pili ilikuwa laini, inaingia sikioni kama flana, ila sasa flana hiyo ilikuwa imelowa. Pamba alikuwa bado ameshika gunia. Hakumtazama mama yake, wala Mkasi, wala dada yake. Alikuwa anamtazama mwalimu.

"A ni ya shemeji, amejiandikia mwenyewe hukumu, hata sijui kwa nini. Zile nne ni zangu. Niliichana RUDISHA nikaitia motoni." Gunia likamwanguka. "Nilidhani nguo zikishakuwa viraka, habari ya yule kijana itakuwa imekwisha. Nilidhani amekufa kweli, Mwalimu. Miaka miwili nimelala nikijua amekufa."

"Umejuaje?" mwalimu akanong'ona. "Sisi wazazi wake hatukujua. Wewe umejuaje?"

Pamba alijifuta uso kwa mkono uliojaa nyuzi.

"Mwache shemeji amalizie shati. Stendi twende mimi na wewe. Mwanao akishuka atanielekezea kidole mbele za watu, na ni afadhali sababu yake uisikie kwangu njiani."